Shukrani za familia kwa wote mliotusaidia kumzika Baba, Brisbane

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi mkwe wa nyumba hii nimeombwa na familia niandike kwa Kiswahili maana wengi mliotushika mkono ni nyie Waswahili wa Inala, Goodna na Logan, pamoja na ndugu zangu wa Tanga mliokuwa mnapiga simu usiku na mchana. Asanteni sana sana.

Kuna walioniuliza msibani mbona wazee wa klabu yake ya mpira wameingia kanisani na jezi za chungwa, jamani ile ndo rangi yao Waholanzi. Baba mkwe alikuja Australia kijana, kwa meli kutoka Uholanzi, wakafikia kambi ya wahamiaji ya Wacol, na Waholanzi wenzao walipoanzisha klabu ya mpira ya Hollandia-Inala mwaka 1957 akaingia kucheza beki. Goti lilipomgomea akawa katibu, na hapa ndo nataka mjue, maana mfungaji anashangiliwa ila katibu nani anamjua: yeye ndo alikuwa anafika uwanjani kabla ya watu wote kupiga mistari ya chokaa, anasajili watoto, anawapigia wazazi, na ukifungua daftari lake unakuta mtoto kaandikwa amelipa kumbe hela katoa Baba mfukoni mwake. Miaka ya 70 klabu zilipotakiwa kuacha majina ya asili za watu wakawa Brisbane Lions, jina lile lilimuuma kuliacha lakini alisema bora timu ibaki, na 1977 ligi ya taifa ilipoanza nao wakawemo. Hata Brisbane Roar, timu ya mpira iliyozaliwa na klabu hiyo, kuvaa chungwa leo ni urithi wa wazee hao hao.

Vijana wa Kikongo na Kirundi mliobeba jeneza, nyie aliowasajili wadogo hata Kiingereza hamjakishika, mama mkwe anawashukuru kipekee, anasema mmemzikia mume wake kama watoto wa kuwazaa.

Asanteni kinamama wa pilau, kwaya, wauguzi waliomhudumia mpaka mwisho, mliochanga, na wazee wa klabu mliopanga magari kwenye lile jua. Hatuwezi kuwataja wote, mtuwie radhi. Mungu awabariki.

Wenye sufuria na mahotipoti yamebaki kwetu, yameshaoshwa, njooni mchukue jioni yoyote tupo.