Wanangu wa kampuni ya dawa, msiniombe picha

Wanangu,

Assalaam alaykum. Jumanne mlinijia barazani, wanne, na kijitabu cha kurasa nane kilichochapwa kwa rangi. Mkaniambia mnataka jina langu na picha yangu ukurasa wa mwisho, pale palipoandikwa "Bodi ya Washauri wa Kisayansi", chini ya maprofesa watatu. Kahawa niliwapa, jibu sikuwapa. Jibu ni hili, na nimeliandika hadharani kwa sababu wako vijana wengine huku pwani wenye maabara ya chumba kimoja na nia kama yenu.

Kwanza mjue nimefurahi. Nimetoa dawa mjini hapa miaka 36, karibu zote zilizokuja kwa meli, na leo watoto niliowapimia dawa ya kikohozi wanatafuta dawa ya malaria katika muarobaini wa uani kwao. Nikisema kwa ukali, ni kwa sababu hiyo.

Niliwauliza mara ya mwisho mlikaa lini na maprofesa hao. Mkatazamana. Mmoja mlimwona mara moja mkutanoni Nairobi, wa pili alikubali kwa WhatsApp, wa tatu hajaona hata jedwali moja la majaribio yenu. Mji huu unajua kazi ya mshauri tangu zamani. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipotia nanga hapa, alikuwa na haja kubwa ya mtu anayeijua njia, na mfalme wa Malindi akampa rubani aliyemvusha bahari mpaka Calicut, Bara Hindi. Rubani hana chombo wala shehena, lakini akisema hapa pana mwamba, nahodha hugeuza kwanza, maneno baadaye. Nyinyi marubani wenu watatu mmewaacha ufukweni, mkasafiri na picha zao.

Nitawaambia jambo nililolisema kwa watu wachache sana. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Bibi mmoja alikuja dirishani akaniuliza kama mafuta ya muarobaini yafaa kumnywesha mjukuu mwenye homa, mtoto wa miezi mitano. Nilijua majani, nilijua watu wazima wanaokunywa maji yake machungu. Kuhusu mafuta ya mbegu na mtoto mchanga sikuwa nimesoma hata mstari. Lakini nilikuwa na koti jeupe, na foleni ilikuwa ndefu. Nikamjibu: ni mti tu huo, haudhuru.

Siku ya pili walimleta amefungwa kanga. Bibi alikuwa bado ameishika chupa, ile ndogo ya dawa ya kikohozi, iliyooshwa ikatiwa mafuta. Harufu yake naikumbuka hadi leo, kama kitunguu saumu kilichooza. Mtoto alitapika, akalegea, kisha degedege. Hakufika alfajiri. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika juu ya watoto wachanga waliopatwa na hayo hayo baada ya kunyweshwa mafuta haya, ini na ubongo vikaharibika. Mimi niliyasoma nikiwa nimeshachelewa.

Neno lililokosekana dirishani siku ile ni "sijui". Kwa hiyo mshauri wa kwanza ninayewatakia ni yule atakayewaambia, hilo silijui, mwulizeni fulani. Maprofesa wenu wote watatu ni wakemia. Mkemia atawaambia kilichomo ndani ya jani. Kitalifanya nini ini la mtoto wa miaka miwili akinywa siku saba, hiyo si elimu yake. Mtafuteni mtaalamu wa sumu. Mtafuteni daktari anayelaza watoto wenye malaria. Na mtakwimu aje mapema, kabla hamjaamua panya ni wangapi, maana akiitwa mwisho hatakuwa na la kufanya ila kuwaonyesha mlipokosea. Kilifi si mbali kwa matatu, na pale KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wako watu walioifanyia majaribio chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza mwaka 2021. Kupiga hodi hakuna ada.

Mtaniambia kampuni ndogo haina fedha za kulipa wajuzi wote hao. Nami nitawajibu kwa habari ya kampuni ndogo. TeGenero ya Ujerumani ilikuwa na wanasayansi hodari na dawa waliyoiamini. Tarehe 13 Machi 2006, katika hospitali ya Northwick Park mjini London, dawa hiyo ilijaribiwa kwa wanadamu mara ya kwanza: wanaume wanane waliojitolea walitiwa mshipani, sita dawa yenyewe, wawili maji yasiyo na dawa. Dozi ilikuwa sehemu moja ya 500 ya ile ambayo nyani waliistahimili. Walipewa mmoja baada ya mwingine, wakipishana kama dakika kumi. Muda wa saa moja na nusu haujatimia vizuri, wale sita walikuwa wakitetemeka kwa homa na kuumwa vichwa na migongo, kisha viungo vya ndani vikaanza kushindwa. Wote waliokoka, ila mmoja alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono.

Uchunguzi haukukuta dawa iliyochafuka wala dozi iliyokosewa. Kampuni ilifilisika mwaka huo huo. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali ya Uingereza ilipendekeza, pamoja na mengine, jambo ambalo gharama yake ni subira tu: apewe mtu mmoja kwanza, mngoje. "Wa pili mtampa lini, na mtakuwa mmeona nini kwa wa kwanza?" Swali hilo halitaki mashine. Lataka mtu aliye mezani, aliyesoma makaratasi, na aliyeruhusiwa kusimamisha kazi.

Ruhusa hiyo iandikwe. Kabla ya jaribio lijalo kaeni na washauri muweke kwa wino: tukiona hiki tunaendelea, tukiona kile tunaacha. Mkingoja mpaka matokeo yatoke, mtakuwa mmeshamwahidi mwekezaji, na kila mmoja wenu atapata sababu ya kuendelea. Wapelekeeni data ghafi wiki mbili kabla ya kikao. Slaidi nzuri zinaficha mengi, hata kwa asiyekusudia kuficha. Na hisa mlizonitajia, mimi sizitaki, wala zisiwe ndiyo malipo yote ya wenzangu. Mtu ambaye mali yake yapanda dawa ikisifiwa, ulimi humwia mzito kusema hapana, hata awe mcha Mungu. Walipeni posho na nauli, kiasi kile kile wakikubali au wakikataa.

Lipo lingine lililoniuma. Yule mzee wa Kigiriama aliyewaonyesha majani ya kuchuma na namna ya kuyaloweka, mlimtaja mara tatu mkinihadithia. Kijitabu hakimtaji hata mara moja. Mtafiti Tu Youyou wa China na wenzake walihangaika kutafuta dawa ya malaria katika mmea wa pakanga, mara dawa inafanya kazi, mara haifanyi, mpaka aliposoma maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4: lowekeni majini, mkamue. Hakuna moto. Akatumia kimiminika kiitwacho etha, kwa joto dogo, na mwaka 1971 dawa ile ikawamaliza vimelea wa malaria katika panya. Mwaka 2015 alipewa Nobel. Tabibu wenu yu hai, anaishi mwendo mfupi kutoka maabarani, na tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya watu kama yeye. Mpeni kiti, mkubaliane haki yake kwa maandishi.

Habari za Bodi ya Dawa na Sumu na kamati ya maadili mnazijua, sitazirudia.

Basi, picha sitoi. Kazi nitaifanya. Ukurasa wa tano wa kijitabu chenu una jedwali la panya: kundi la kwanza lipo, la tatu lipo, la nne lipo. Jumamosi baada ya swala ya alasiri nitakuwa maabarani kwenu. Nitoleeni daftari la kundi la pili, lile lililoandikwa kwa mkono, na muwepo wote wanne.

Mama yenu,
mfamasia mstaafu, Shela, Malindi