Barua kwa Mama Wanjiru

Kisumu,
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Wanjiru,

Pokea salamu zangu na za watoto. Tangu uliponipigia simu, nimekuwa nikiufikiria huo mkono wako. Uliteleza barazani ukipiga deki, ukajizuia kwa kiganja, kifundo kikavunjika. Hospitalini wakakufunga plasta, wakakupa dawa za maumivu na kukuruhusu uende. Majirani wanasema ni ajali tu. Mimi sikubali, dadangu. Mtu wa miaka 51 kuanguka akiwa amesimama tu, kisha mfupa ukavunjika, hilo halifai kupita bila kuchunguzwa kama mifupa yako imedhoofika.

Hedhi yako ilikoma ukiwa na miaka 44, na ikikoma kabla ya 45 ni mapema. Mwili hubomoa mfupa mkuukuu na kujenga mpya siku zote, na homoni ya estrojeni ndiyo inayouzuia ubomoaji usizidi. Ikishapungua, ubomoaji unashinda. Katika miaka mitano hadi saba baada ya hedhi kukoma, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake, na wala haumwi popote.

Unalikumbuka gauni la mama yangu la kanisani, lile la samawati? Wewe ndiye uliyelipunguza pindo, mara mbili, kwa sababu lilianza kuburura chini. Ulikuwa umepiga magoti na pini mdomoni, naye anacheka kwamba kitambaa kimelegea. Kumbe aliyekuwa akifupika ni yeye, pingili za uti wa mgongo zikibonyea moja baada ya nyingine. Hatukujua hadi alipovunjika nyonga akishuka kitandani. Hakutembea tena. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Plasta ikitolewa, mwombe daktari akuandikie kipimo cha uzito wa mifupa, wanakiita DEXA. Unalala kitandani dakika chache, hakiumi. Eksirei ya kawaida huonyesha udhaifu huo mfupa ukiwa umeshapotea sana. Mweleze pia kuhusu vile vidonge vya prednisolone ulivyomeza muda mrefu kwa ajili ya pumu, maana navyo hula mifupa. Lakini usiviache mwenyewe bila yeye kukwambia.

Upande wa chakula, umri wetu unataka miligramu 1,200 hivi za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa ina kama 300, na maziwa lala ni vilevile. Sukuma wiki ni nzuri kuliko tunavyoidhania, kwa kuwa kalsiamu yake mwili huipokea kwa urahisi. Ya mchicha nyingi huzuiliwa humo humo kwenye mboga. Halafu omena! Najua nyumba yako nzima hulalamikia harufu. Zioshe kwa maji moto mara tatu mchanga uishe, zikaange hadi zikauke, ndipo utie kitunguu, nyanya na maziwa kidogo. Vichwa usitoe. Tunamla mzima na mifupa yake, na humo ndimo kalsiamu ilimo.

Tena usishinde ndani ya kibanda kutwa nzima. Toka juani mikono ikiwa wazi, upate vitamini D, bila hiyo kalsiamu haifyonzwi vizuri. Na utembee. Mfupa unataka kubeba uzito ndipo ujijenge, na wewe una vilima vya Menengai mlangoni pako. Mizigo mizito na kuinama sana viache kwanza hadi upimwe. Hiyo baraza nayo, tafadhali, apige deki Wanjiru, nawe usiikanyage hadi ikauke.

Jana nilipita Kibuye nikakununulia gorogoro moja ya omena, zimekauka vizuri. Nitazituma kesho kwa matatu ya asubuhi, kwa hivyo Wanjiru awe stejini saa saba. Nipigie siku utakayomwona daktari, hata kama ni usiku.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Achieng