Kabla hujaiita koherensi

Mwanangu mpendwa,

Grafu yako ya spektroskopia ya pande mbili, ile inayopiga sampuli kwa mipigo mitatu ya leza, nimeiona, na ishara kweli inapanda na kushuka. Unataka kuiita koherensi, yaani hali ya elektroni za molekuli kadhaa kwenda pamoja kama wimbi moja. Hapo ndipo wengi waliponaswa. Mwaka 2007 kundi la Fleming huko Berkeley, Engel akiongoza vipimo, liliona mawimbi ya aina hiyo kwenye FMO (Fenna-Matthews-Olson), protini inayopitisha nishati ya mwanga katika bakteria wa kijani wa salfa, kwenye baridi kali ya kelvini 77, yakidumu zaidi ya femtosekunde 600 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde). Ikadhaniwa nishati inapita kati ya bakterioklorofili, rangi zinazonasa mwanga, kwa koherensi ya elektroni. Vipimo vya 2017 kwenye halijoto ya kawaida viliikuta koherensi hiyo ikifa ndani ya femtosekunde 60 hivi. Kinachodumu ni mitetemo ya molekuli.

Anza na leza. Mpigo wa femtosekunde 10, wa nanomita 800, ukipita milimita 1 tu ya kioo cha silika unatoka umerefuka hadi 14. Ukipita milimita 5, unazidi 50. Kwa hiyo upime pale sampuli inapokaa, si mlangoni mwa leza.

Kisha angalia uthabiti. Kioo cha kurudisha mwanga, kinachochelewesha mpigo, kikisogea mikromita 0.15, umebadilisha muda kwa femtosekunde 1, na wimbi la nanomita 800 humaliza mzunguko kwa 2.7 tu. Funika njia nzima ya mwanga. Upepo wa feni unatosha kuharibu fezi, yaani mpangilio wa mawimbi ya mipigo.

Muda wa kusubiri kati ya mpigo wa pili na wa tatu ndio wenye siri. Mtetemo wa masafa ya mawimbi 180 kwa sentimita una mzunguko wa femtosekunde 185. Ukiishia femtosekunde 400 umeona mizunguko miwili, na miwili haithibitishi kitu. Nenda hadi 2,000, kwa hatua za 20.

Halafu tenganisha ramani ya rifezingi (ile ya mpangilio wa mipigo unaorudisha fezi pamoja, kama mwangwi) na ile isiyo ya rifezingi. Koherensi halisi ya elektroni kwenye rifezingi hucheza nje ya mshazari (mstari wa ramani ambapo masafa ya kunyonya na ya kutoa ni sawa), na kwenye nyingine hucheza juu yake. Ukiona rifezingi inacheza juu ya mshazari, shuku mtetemo kwanza.

Mwisho, punguza nishati ya mipigo kwa nusu na urudie. Ishara ikififia polepole kuliko mwanzo, eksitoni (vifurushi vya nishati ndani ya molekuli) zilikuwa zinauana zenyewe kwa zenyewe, na data ya mwanzo haifai.

Nitumie ramani zote mbili, pamoja na kipimo ulichokichukua mpigo mmoja ukiwa umezibwa, ili tuone mwanga uliotawanyika.

Mama yako