Asilimia 400 za jotoardhi zimepimwa kwa kipimo gani?

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kupasha nyumba joto kwa jotoardhi niliisoma hadi nukta ya mwisho, na nawapongeza kwa kuligusa somo ambalo magazeti mengi hulikwepa. Lakini aya moja ilinifanya niishike kalamu. Mmeandika kwamba pampu ya joto ya ardhini ina ufanisi wa asilimia 400, mkaeleza kwamba mitambo ya umeme wa jotoardhi inapata asilimia 12 tu kwa wastani, kisha mkahitimisha kwamba ya kwanza inaishinda ya pili zaidi ya mara 30. Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, na hakuna kosa lililonimalizia wino mwekundu kama hilo.

Pampu ya joto haitengenezi joto, inalihamisha. Ni friji iliyogeuzwa: inachota joto ardhini na kulimwaga ndani ya nyumba, na umeme unaolipiwa ni wa kuizungusha kompresa. Ukitia uniti 1 ya umeme, ukachota uniti 3 ardhini, nyumba inapata uniti 4. Hapo ndipo 400 inapotoka. Mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilipendekeza wazo hili mwaka 1852, na kikomo chake, yaani uniti nyingi kabisa za joto zinazoweza kupatikana kwa kila uniti ya umeme, kilikwisha kuonekana katika hoja za mhandisi Mfaransa Sadi Carnot za mwaka 1824.

Kikomo hicho mtu anaweza kukipiga hesabu kwa kalamu. Chukua halijoto ya maji yanayopasha chumba, kwa kelvini (yaani nyuzi za Selsiasi ukiziongeza 273), uigawanye kwa tofauti kati yake na halijoto ya ardhi. Maji ya nyuzi 35 yanayopita kwenye mabomba ya sakafuni, na ardhi ya nyuzi 10, yanatoa 308 kwa 25, yaani zaidi ya 12. Mashine halisi hazifiki hata nusu ya hapo, ndiyo maana tunazisikia zikitajwa kwa 4 au 5. Sasa toa mabomba ya sakafuni, weka rejeta za ukutani zinazotaka maji ya nyuzi 55. Hesabu inakuwa 328 kwa 45, kiasi cha 7, na mashine ileile, juu ya ardhi ileile, inashuka hadi kwenye 3 hivi. Ardhi haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni vyuma vilivyomo chumbani. Makala haikusema neno juu ya hili, na hapo ndipo wenye nyumba wengi wanapopoteza fedha zao.

(Na tukiligusa jina lenyewe la jotoardhi: joto la mita chache za juu za ardhi linatokana zaidi na jua kuliko na kiini cha dunia. Kinachopanda kutoka chini hakifiki hata sehemu ya kumi ya wati kwa kila mita ya mraba. Jina jotoardhi linauza vizuri, basi tuliache.)

Tukija kwenye ile 12, mtambo wa umeme unafanya kazi ya kinyume: unageuza joto kuwa mwendo, na kwa kazi hiyo maumbile ni bahili. Maji ya nyuzi 150, mahali ambapo hewa ya kupoozea ina nyuzi 25, yana kikomo kisichofika asilimia 30. Tena yanapoa kadiri yanavyotoa joto, kwa hiyo nyuzi za mwisho zinazaa kidogo kuliko za mwanzo, na kikomo chenyewe kinashuka. Ondoa umeme wa pampu na mapangaboi. Aliyepata 12 hapo hajafanya uzembe.

Kinachokosekana katika ulinganisho wenu ni ubora wa joto. Ndoo ya maji ya uvuguvugu ina joto jingi sana kuliko msumari uliopashwa moto hadi ukawa mwekundu, lakini msumari utatoboa plastiki na ndoo haitatoboa kitu. Joto la chumba cha nyuzi 20, wakati nje ni sufuri, hata kwa mashine isiyo na kasoro, ni kiasi cha asilimia 7 yake tu inayoweza kugeuzwa kuwa kazi. Ni joto duni, na ndilo tunalolihitaji. Boila ya gesi inawasha moto unaozidi nyuzi 1,000 ili kulipata, halafu lebo yake inajisifu kwa asilimia 90 na kitu. Ukiipima kwa kanuni ya pili ya thamodinamiki, ile inayohesabu kazi ambayo joto lingeweza kufanya na si wingi wake tu, haifiki 10.

Kwa hiyo maji ya moto yanayotoka chini yakiwa tayari na nyuzi 80 yanaifaa kazi hii kuliko yanavyofaa kuzungusha tabaini. Iceland imelielewa hilo: takribani nyumba 9 kati ya 10 zinapashwa kwa jotoardhi. Maji ya mtambo wa jotoardhi wa Nesjavellir yanasafiri kilomita 27 ndani ya bomba hadi mji mkuu, Reykjavík, na kupoteza chini ya nyuzi 2 njiani. Kisima chenye nyuzi 200 na zaidi ni habari nyingine. Kulimwaga joto la aina hiyo moja kwa moja kwenye chumba cha nyuzi 20 ni ufujaji. Huko Svartsengi, pia Iceland, mtambo uliofunguliwa mwaka 1976 hutoa umeme na maji ya kupashia nyumba kwa pamoja, na maji yanayobaki ndiyo yaliyozaa lile bwawa mashuhuri la Blue Lagoon linalovuta watalii.

Hata penye maji ya nyuzi 80, ufanisi hauamuliwi na kisima peke yake. Yakirudi ardhini yakiwa na nyuzi 60, umechota nyuzi 20. Yakirudi na 30, umechota 50: mara mbili na nusu ya joto, kutoka shimo lilelile lililokwisha kulipiwa.

Ombi langu ni kwamba mkichapa asilimia ya ufanisi, muweke pembeni yake halijoto tatu: ya kuingia, ya kutoka na ya nje. Na kwa mwandishi nina swali. Ule mradi ambao makala yake iliumwagia sifa, maji yake yanarudi kisimani yakiwa na nyuzi ngapi?

Mwalimu mstaafu wa fizikia