Mgandamizo hauzibi pengo kila mara

Mhariri,

Makala yenu ya sayansi ilisema mgandamizo huziba pengo la nishati (kiasi ambacho elektroni lazima ipate ili umeme upite) katika vihami vya Kondo, yaani fuwele zenye atomi za sumaku ambazo zikipozwa huacha kupitisha umeme vizuri. Inategemea. Katika samariamu heksaboridi pengo hupungua, kwa kuwa kati ya ioni mbili za samariamu (atomi zilizopoteza elektroni), iliyo ndogo ndiyo yenye usumaku, na kubanwa huipendelea. Seriamu ni kinyume: katika Ce₃Bi₄Pt₃, mchanganyiko wa seriamu, bismuthi na platini, pengo hupanuka.

Kuhusu kiasi cha mgandamizo, ili pengo lizibe samariamu heksaboridi hudai gigapaskali 4 hadi 10, kutegemea jaribio. Chini kabisa ya Ziwa Victoria, mita 80 hivi, hupati hata sehemu moja ya elfu ya gigapaskali. Ndiyo maana sampuli hubanwa kati ya ncha mbili za almasi (za jirani zetu Mwadui zingefaa, zikiwa safi). Majibu hutofautiana hivyo hasa kwa sababu ya kinachoizunguka sampuli: kikiwa kigumu, inabanwa upande mmoja kuliko mwingine na pengo huonekana limeziba mapema. Gesi ya argoni ni afadhali, kwa kuwa hubana sawasawa zaidi.

Punje ya yakuti, ambayo mng'ao wake hutumika kupima mgandamizo, isomwe tena baada ya kupoza, maana mgandamizo huhama. Ukubwa wa pengo hupatikana kwenye mwinamo wa grafu ya logi ya ukinzani dhidi ya 1/T (T ni halijoto); mwinamo huo usichukuliwe chini ya kelvini 4 hivi. Hapo umeme hupita juu ya uso wa fuwele.

Walimu wa fizikia,
Nyegezi, Mwanza