Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na Bwana asifiwe.

Futari, Krismasi, madarasa ya Kiswahili ya watoto na misiba 2 tuliyochangia mnaijua. Niende kwenye safari ya Wharram Percy, kijiji cha kale kilichohamwa huko Yorkshire, Uingereza, maana maneno yamekuwa mengi.

Nalaumiwa kwamba nilikodi basi kwa pauni 640 za chama ili tukaangalie majani. Kweli, kijiji hakina watu. Lakini aliyebaki ndani ya basi na sambusa zake angeona nini? Yale matuta kwenye nyasi ni misingi ya nyumba za wakulima wa enzi za kati, na wataalamu walichimba pale kila kiangazi kuanzia 1950 hadi 1990. Nilimsikia mjumbe mmoja akiwaambia watoto kwamba tauni ya 1348 na 1349 ndiyo iliyowamaliza. Sikumkatiza pale, narekebisha sasa. Mwaka 1368 nyumba kama 30 bado zilikuwa na watu. Waliowaondoa ni kondoo. Sufu ililipa kuliko nafaka, na kufikia 1500 hivi mwenye ardhi, Baron Hilton, alikwishaziondoa nyumba 4 za mwisho kupisha malisho. Habari ya watu kupisha mifugo nani kwetu haijui? Kanisa la Mtakatifu Martin lilisalia kwa sababu watu wa Thixendale, kijiji jirani, waliendelea kusali humo; nusu ya mnara wake iliporomoka 1959.

Na hao wanaodharau magofu, kila wakienda Malindi hawakosi picha ya Gede.

Wazo lilikuwa langu, sikatai. Chakula cha dereva nililipa mimi, na sijadai.

Sasa ada. Tuko 71, waliolipa ni 26. Mkutano wa Machi tulikuwa 9, mmojawapo mume wangu, ambaye si mwanachama. Mweka Hazina ameniambia kwamba kati ya waliolalamikia safari, waliolipa ada ni 3. Makusanyo na salio la mwaka jana ni pauni 1,350. Basi 640, ukumbi 420, misiba 200, zimebaki 90.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia jambo la vijana, na pengine safari nyingine. Tutaona.

Kuhusu viatu vilivyoharibika safarini, ambavyo mnataka chama kilipe: nilitangaza kwenye kundi mara 2 kwamba kutoka maegesho ni zaidi ya kilomita 1 ya mteremko na tope. Chama hakitalipa.