Shukrani kwa mama wa miche, Mwanga, Kigoma

Mama, jina lako sikuliuliza, ila asante yangu naitoa mbele za watu.

Okidi niliyoachiwa na dada alipohamia Dodoma ndiyo mmea wangu wa kwanza. Niliimwagilia kila asubuhi kama mchicha; majani yakalegea, yakawa manjano. Nilikuletea ikiwa mahututi.

Uliwaacha wateja, ukaikung'uta udongo wote, ukanionyesha mizizi: iliyo hai ni migumu na myeupe kwa mbali, iliyooza ni ya kahawia, ukiiminya inatoa maji na ganda linabaki vidoleni. Ukapitisha kisu kwenye moto wa jiko, ukakata yote iliyooza, ukapaka unga wa mdalasini penye vidonda. Ukaipanda upya kwenye kopo lililotobolewa, kwa vipande vya mkaa na magome ya mti. "Mwanangu, mmea huu kwao ni juu ya miti. Mizizi inataka hewa." Maji mara moja kwa wiki, yachuruzike yote. Hela ukakataa, hata ya mkaa.

Leo ni wiki ya saba. Pembeni mwa shina umechomoza mzizi mpya, ncha yake kijani, mdogo kama punje ya mchele. Kesho nakuletea uuone.